Miguu Haibangui Korosho

Kama umeandikiwa ile dawa nyekundu yenye ukungu, na wewe ni mtu wa korosho kama mimi, fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Vua viatu, geuza nyayo, zitazame kwenye mwanga wa jua. Fanya hivyo kila siku. Mimi zangu sikuzitazama, au nilizitazama nikajifanya sikuona, na ilibaki kidogo ninyimwe dawa ya mwisho niliyokuwa nimebakiwa nayo.

Naandika kwa sababu nimezoea kuandika. Nina elimu ya darasa la saba tu, lakini mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo wanawake wenzangu wa kikundi cha kubangua korosho hapa Nachingwea walinipa ukatibu na hawajauchukua tena. Mwenyekiti husema, mimi huandika. Safari hii mwenyekiti hayupo. Nikiruka jambo, mjue nimeliruka makusudi.

Nimezaliwa Likunja, Ruangwa, nikaolewa Nachingwea. Mume wangu ni Selemani, mkulima wa korosho na ufuta, mtu ambaye ukimpa habari ya msiba au ya harusi atakujibu "Haya" kwa sauti ileile. Binti yetu Hadija ameolewa Songea. Dada yangu mkubwa, Somoe, bado yuko Likunja kwenye nyumba ya marehemu mama.

Kansa ya titi ilinishika mara ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na nane. Hiyo nitaipita haraka. Nilikatwa titi la kushoto, nikawekewa dripu za dawa nyekundu ya kawaida, ile inayong'aa kama juisi ya rozela. Nywele zilitoka zote, nyusi zikatoka, nikatapika hadi nikawa nachukia harufu ya sufuria zangu mwenyewe. Nikapona. Nywele zikarudi laini kama za mtoto na nikarudi kwenye jiwe langu la kubangulia. Mwaka wa tatu uvimbe ulirudi, vinundu vitatu juu ya kovu na kingine ndani ya pafu.

Siku niliyoambiwa umerudi sikulia. Nilikuwa natazama kigae cha sakafu kilichopasuka pembeni mwa meza ya daktari, nikijiuliza kilipasuliwa na nini. Daktari alisema maneno mengi. Alipomaliza nilimuuliza choo kiko wapi. Nilipotoka, Selemani alikuwa kwenye benchi, kofia yake ameiweka mapajani.

"Imerudi," nikamwambia.

"Haya," akasema.

Tukaenda kununua maji ya kunywa. Watu huniuliza nilijisikiaje siku ile, na naona wanasubiri niseme jambo kubwa. Sikujisikia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako kwa kuwa unauona, basi.

Walijaribu dawa ya kwanza ya kurudia, uvimbe ukaendelea kukua. Kurudi kwenye dawa nyekundu haikuwezekana, kwa sababu ina kipimo ambacho mtu hatakiwi kukivuka maisha yake yote. Ukikivuka unachosha moyo, na moyo wangu ulipopimwa ulionekana tayari umelegea kidogo. Daktari akaniambia bila kuzungusha. Ipo moja. Ndani yake ni nyekundu ileile, ila imefungwa kwa namna ambayo moyo hauipati sana. Ikishindikana hiyo, tutabaki na dawa za kutuliza maumivu. Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilielewa.

Dripu ya kwanza niliwekewa mwezi wa saba, wakati huku kwetu mikorosho imeanza kutoa maua na wanaume wanaipulizia unga wa salfa dhidi ya magonjwa kila alfajiri kabla upepo haujaamka. Tulipanda basi Nachingwea, tukapita Ruangwa, na pale Nanganga Somoe alikuwa ametusubiri njia panda na kifurushi cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu. Alikiinua hadi dirishani, akashika mkono wangu hadi basi likaanza kusogea. Mchana tulikuwa Mbagala kwa shemeji yangu. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki katika hospitali kubwa, nikisubiri jina langu.

Kusubiri kule kuna tabia yake. Televisheni iko juu ukutani, haina sauti. Kila mtu anajua ya mwenzake kwa kutazama kitambaa cha kichwani. Kuna mama mmoja wa Njombe alinifunika mgongo kwa shuka lake zito bila kuniuliza, kwa sababu feni ilikuwa inanipiga, na hatukuambiana majina. Nilikaa chini ya shuka la mtu nisiyemjua karibu saa tatu. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko maneno ya madaktari.

Dawa ililetwa na msichana aliyevaa koti jeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naitwa Neema, mfamasia. Leo dawa yako nimeileta mwenyewe, nataka tuongee kidogo kabla hawajaifungua."

Nikaitazama. Ilikuwa nyekundu, ila haikung'aa. Ilikuwa na ukungu, kama maziwa yamedondokea ndani.

"Mbona ni ileile iliyonichosha moyo?"

"Moto ni uleule, mama. Tumeubadilishia nyumba."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nabangua korosho. Usinizungushe. Sema kama unavyomwambia mtu."

Akacheka, akavuta kiti. Akasema dawa imefungiwa ndani ya vijipovu vya mafuta, vidogo kuliko hata mdudu wa malaria, na kazi ya vitu vidogo namna hiyo inaitwa teknolojia ya nano. Yeye alisomea kemia ya dawa kabla ya ufamasia. Watu, alisema, wanadhani mkemia kazi yake ni kutafuta dawa mpya tu, kumbe wengine wanakaa miaka wanatafuta ganda. Mafuta gani yasiyopasuka mapema kwenye damu, na yasiyokaza mno hadi dawa ikashindwa kutoka. Ukubwa gani, kwa kuwa vikiwa vikubwa vinakamatwa na ini na wengu, na vikiwa vidogo kupita kiasi vinapotelea kwenye figo. Kisha ndani wakatia chumvi ya aina fulani, dawa ikiingia inakutana na ile chumvi, inaganda palepale, haiwezi kurudi ilikotoka.

"Kama mgono wa samaki," nikasema.

"Kama nini?"

"Mtego. Mlango wa kuingia upo, wa kutoka hakuna."

"Hivyo hivyo! Halafu nje wakavivisha koti linalopatana na maji, ili walinzi wa mwili wasivitambue upesi. Vinazunguka siku nyingi. Mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa harakaharaka, ina matundu, kwa hiyo vinapenya pale na kukaa. Moyo una mishipa iliyobana, havipenyi sana."

Nilimtazama yule binti anavyofurahia. Dawa ya zamani, nilijiambia, ilikuwa kama kumwaga salfa kwa ndoo. Mti unapata, majani yanapata, na mbuzi wa jirani naye anapata. Na hii mpya nilishaijua.

"Ni korosho iliyogeuzwa," nikamwambia. "Korosho ganda lake ndilo linalounguza, ndani ndiko kutamu. Ninyi mmeweka moto ndani, mkaweka upole nje."

Neema akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akasema atawaambia wanafunzi. Kisha akawa makini. "Lakini sikiliza, mama. Kuna sehemu nyingine mishipa yake inavujisha. Pale panapobanwa, panaposuguliwa, panapopata joto. Viganja na nyayo. Vijipovu vinaweza kutokea huko." Akanipa karatasi, akanisomea. Nisifue kwa mikono, nisilime, nisitwange, nisibebe ndoo, nisitumie maji ya moto, nisivae viatu vya kubana. Wakati wa dripu nishike mfuko wa barafu kila mkono. Nikiona wekundu, nipige simu.

Nikakunja karatasi nikaiweka kwenye pochi. Na hapa ndipo kosa lilipokaa, kwa hiyo msome polepole. Nililitii neno kwa neno. Nilipofika nyumbani sikufua, sikulima, sikutwanga, sikubeba ndoo. Selemani alichota maji mwenyewe na jirani akanifulia. Lakini kwetu kubangua korosho hakuitwi kazi. Ni kukaa. Mama aliyejifungua anabangua, bibi asiyeweza kusimama anabangua, mgonjwa akipata nafuu anaambiwa njoo ukae na wenzako ubangue kidogo upoteze mawazo. Karatasi haikutaja kubangua, kwa sababu Neema ni mtu wa Moshi na korosho ameziona kwenye pakiti. Mimi nami sikumtajia, ingawa nilishamwambia kwa mdomo wangu kwamba ndiyo shughuli yangu. Hakuna aliyeunganisha, na mwenye mikono nilikuwa mimi.

Dripu ya kwanza haikunitapisha. Nywele zilibaki. Dripu ya pili niliwekewa wakati wa kuvuna mbaazi, nayo ikapita hivyohivyo, nikala vizuri, nikalala. Somoe alikuja kutoka Likunja kunitazama, akanitazama kweli, kichwani hadi miguuni.

"Dawa gani hii isiyompiga mtu?" akasema. "Mara ya kwanza ulilala mwezi. Sasa unamaliza bakuli la ming'oko kama mjamzito. Wamekutilia maji ya rangi."

"Dada, imefungwa. Ndiyo maana."

"Imefungwa, imefungwa. Iliyofungwa itatibu nini?"

Selemani alikuwa mlangoni. Akasema, "Shemeji, mwache."

"Nimwache afe?"

Selemani akavaa kofia. Akatoka nje, na siku mbili Somoe na Selemani wakawa wanasalimiana kwa kunitumia mimi. "Mwambie shemeji chai iko tayari." "Mwambie dada yako nimeshaiona." Nilikuwa katikati, natumwa kama mtoto. Nilitakiwa kukasirika. Sikupata hasira. Niliwapelekea salamu zao nikarudi kukaa.

Lakini neno la Somoe liliingia. Nilianza kuitafuta dalili. Nilikuwa najitazama kwenye kioo asubuhi nikitafuta kitu chochote kinachoonyesha kwamba dawa ipo mwilini, kwamba sikuchomwa maji. Dalili zilikuwa njiani, na zilipofika sisi sote tuliziita kwa jina lingine.

Dripu ya tatu ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Niliporudi, korosho za mwanzo zilikuwa zimeshaanguka na kikundi kimefungua msimu. Banda letu liko nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Korosho zinachomwa kwenye pipa lililokatwa, ganda linawaka na kutema mafuta yake, moshi unakata pumzi, kisha zinamwagiwa mchanga zipoe. Halafu kila mtu anakaa kwenye jiwe lake, anajipaka majivu viganjani, anashika kigongo na kugonga. Ukigonga vizuri ganda linafunguka na punje inatoka nzima. Ukigonga vibaya, ganda linabanwa na kukutemea mafuta. Kila mbanguaji mikono yake ni myeusi msimu mzima na ngozi inabanduka. Hatulalamiki. Tunasema mikono imevaa msimu.

Wiki ya pili viganja vyangu viliwaka. Vikawa vyekundu chini ya weusi, vikavimba, kisha vikababuka kama ganda la kitunguu. Fatu akanitazama. Fatu ni Mmakua, mimi Mmwera, kwetu hao ni watani, na jiwe lake liko pembeni ya langu. Mtani haogopi mgonjwa.

"Bado hujafa tu?" akaniuliza, kama alivyoniuliza kila asubuhi tangu niugue. "Nimeshaulizia jiwe lako, nasikia ni zuri kuliko langu."

"Utasubiri."

"Na mikono yako imekuwa laini kwa kukaa Dar. Korosho zimekusahau, zinakuunguza kama mgeni."

Wote tukacheka. Hilo ndilo lililokuwa jibu letu. Korosho zimenisahau. Somoe alisema hivyo, Selemani akasema "Haya," na muuguzi wa hospitali aliponipigia simu kuuliza hali ya mikono nilimwambia, "Ni msimu tu, tunabangua." Alinisikia nikicheka, akaamini.

Kisha miguu. Ilianza kwenye visigino, halafu kwenye nyama ya chini ya vidole. Nyekundu, ikiuma kama nimekanyaga majivu ya moto. Nikisimama kuswali nilikuwa nahesabu rakaa kwa maumivu. Nikajiambia ni mchanga wa shambani ninakookotea korosho, umepata jua sana. Nikavaa soksi. Nikazivaa hata ndani ya nyumba, na Selemani aliponiuliza nikasema nasikia baridi, mwezi wa kumi na moja, Nachingwea, ambako mwezi huo hata mbwa hutafuta kivuli.

Nilijua. Nasema ili mtu mwingine asijidanganye. Kuna sehemu yangu ilijua tangu soksi ya kwanza. Lakini nilikumbuka daktari alivyosema baada ya hii hakuna nyingine, na nilihofia kwamba nikiwaonyesha miguu wataifunga ile chupa na kuniambia pole mama. Kwa hiyo mikono niliionyesha kwa kila mtu, kwa kuwa ilikuwa na sababu yake. Miguu niliificha kwa kuwa haikuwa nayo.

Safari ya nne nilikwenda peke yangu. Kwenye basi sikuweza kushika chupa ya maji, mama wa kiti cha pili akanifungulia kizibo. Kila aliyenitazama aliona mikono ya korosho, na njia ile yote ni ya watu wa korosho, hakuna aliyeuliza.

Neema alinishika viganja akavigeuza. Akavisogeza kwenye mwanga.

"Mama, hii ni nini?"

"Korosho, mwanangu. Mafuta ya ganda. Kwetu wote tuko hivi."

"Wote?"

"Njoo uone kikundi chetu."

Alikuwa karibu kuniamini. Niliona. Alichukua kalamu, akaanza kuandika, kisha akaiweka chini.

"Vua viatu."

"Miguu haina shida."

"Vua tu, mama. Na soksi."

Soksi ya kulia ilikuwa imegandia, ikatoka na ngozi. Neema alichuchumaa sakafuni na koti lake jeupe, akashika kisigino changu kwa vidole viwili. Akainua uso.

"Miguu nayo inabangua korosho?"

Nilitazama chini, nikakiona kile kigae, au kingine kilichopasuka kama kile. Nikasema, "Msiniondolee dawa."

Alikaa palepale chini. Akaniuliza tunabangua vipi, nikamweleza yote, pipa, moshi, kigongo, saa sita kwa siku. Alifumba macho. Kisha akanieleza taratibu, na sauti yake haikuwa ya kunilaumu. Vijipovu vilikuwa vinafuata kazi yangu. Kila nilipogonga, damu ilijaa viganjani, mishipa midogo ikaumia, joto likapanda, na ganda ambalo watu walihangaika miaka kulitafuta likapasukia pale badala ya kupasukia kwenye uvimbe. Miguu ilikuwa imebeba uzito wangu shambani nikiokota korosho, nayo ikapata fungu lake.

"Ukigonga vibaya ganda linabanwa, linatema mafuta," nikasema.

"Ulilijua hilo kuliko mimi," akasema.

Ndiyo. Nililijua tangu nina miaka saba.

Daktari alikuja, wakaongea kwa Kiingereza pembeni. Nilisubiri kwenye kiti na miguu wazi. Kama kuna saa ambayo nilipaswa kuogopa ni ile, na niliitafuta hofu kama mtu anavyotafuta ufunguo mfukoni, sikuipata. Walirudi. Dripu ya nne haitawekwa leo. Itasubiri wiki mbili, na ikiwekwa itapunguzwa. Nisibangue, nisiokote, nisitembee bila sababu. Nikirudi na ngozi imefunga, tunaendelea. Nikirudi hivi, basi. Daktari alisema "basi" kwa upole, lakini alilisema.

Neema alinipa mafuta ya kupaka, akaichukua ile karatasi ya maelekezo, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe: *kubangua korosho*. Akapiga mstari chini. Ameniambia siku hizi mstari huo uko kwenye karatasi anayompa kila mtu anayetoka Lindi na Mtwara.

Nikarudi nyumbani. Nikamweleza Selemani yote, na miguu nikamwonyesha. Alikaa kitandani akaitazama bila kuigusa.

"Ulisema baridi," akasema.

"Nilisema."

"Haya." Akaenda nje, akakaa nje muda mrefu.

Sasa kuna utaratibu wa kikundi. Jiwe halikai bila mtu. Mwanachama akiugua, mtu wa nyumbani kwake anakaa badala yake hadi arudi, la sivyo jiwe linapewa mwingine. Hadija yuko Songea. Somoe macho yake hayaoni tena punje. Mimi niliandika barua ya kuliachia jiwe, kwa mkono uliofungwa kitambaa, mwandiko mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilimpa Selemani aipeleke. Alasiri Fatu alikuja kwangu akiwa ameshika mbavu kwa kucheka.

"Mtani wangu, nilikuwa nalingojea jiwe. Mumeo amelikalia."

"Nani?"

"Baba Hadija! Amekaa katikati yetu na kofia yake kichwani. Amegonga punje ya kwanza imekuwa unga. Ya pili unga. Tumemwambia tutaanzisha mradi wa uji."

"Na barua yangu?"

"Barua gani? Hatujaona barua."

Huku kwetu mwanaume anapanda, anapuliza salfa, anapeleka magunia ghalani. Habangui. Selemani alikwenda kila siku, akakaa kati ya wanawake kumi na wanne wanaomcheka, akavunja punje. Na Somoe, aliyekuwa hamsemeshi, akatuma kilo ya ufuta kutoka Likunja akasema, "Mpe shemeji, ni yake."

Mimi nilikaa kibarazani na miguu kwenye beseni la maji ya mtungi. Mvua za mwanzo zilikuja. Ngozi ya zamani ilibanduka vipandevipande, ikatoka mpya, nyembamba na yenye kung'aa, na ncha za vidole hazikuwa na hisia yoyote. Nikigusa kikombe sikujua kama kina moto hadi nikione kinafuka. Sikuona ajabu. Mikono ilikuwa imenifuata tu, haihisi kama mimi mwenyewe.

Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa imefunga. Dripu ya nne ikawekwa, barafu mikononi, barafu chini ya nyayo. Ya tano baada ya mwaka mpya. Safari hiyo walitaka nibaki kwa ajili ya vipimo, kwa hiyo nilikaa Mbagala kwa shemeji wiki tatu. Nikapiga picha ya kifua, nikapimwa moyo, nikasubiri. Neema ndiye aliyekuja kunikuta kwenye foleni kabla ya daktari. Vinundu vya kwenye kovu viwili havipo. Kilichobaki kimesinyaa. Cha kwenye pafu kimepungua zaidi ya nusu. Moyo uko palepale, haujashuka. Dawa itaendelea.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Asante mwanangu."

"Hufurahi?"

"Nadhani nafurahi," nikamwambia. "Itakuja."

Niliteremka basi Nachingwea jua likiwa linaelekea kushuka. Selemani alinipokea stendi. Alichukua mkoba kwa kuuingiza begani, si kwa kuushika, na tuliporudi nyumbani alinywa chai kwa kubana kikombe kati ya vifundo vya mikono. Nilipomwangalia aliingiza mikono chini ya meza.

"Imepungua," nikasema. "Wameona kwenye picha. Dawa inaendelea."

"Haya," akasema.

"Baba Hadija, toa mikono."

"Haina shida."

"Itoe."

"Msimu unaisha wiki ijayo. Jiwe lako liko salama."

"Kwa nini unaificha?"

Akanitazama usoni, jambo ambalo nadhani hakuwa amelifanya tangu siku ya benchi. "Wewe uliniambia miguu yako?"

Akaitoa, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, viganja vimebabuka, kuna sehemu nyama nyekundu inaonekana. Mikono ya msimu, na safari hii kweli ilikuwa korosho, hakuna kingine. Nikaenda jikoni nikachukua chupa ya mafuta ya ufuta ule wa Somoe. Nikamimina kidogo, nikaanza kumpaka, kwanza katikati ya kiganja, kisha kila kidole. Kwa vidole vyangu vyenye ngozi mpya niliisikia mikwaruzo yake. Niliisikia mmoja mmoja, migumu, na joto la mkono wake chini yake.

Hapo nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, kamasi na kila kitu, kilio cha siku ile ya kigae na siku zote zilizofuata. Selemani alisubiri. Hakusema haya.

"Unaumia?" akaniuliza.

"Hapana. Nahisi."

Akaupangusa mkono wa kwanza kwenye shati lake, akaninyooshea wa pili.